Kata Imepata Mkulima

Siku Bi Judica, afisa ugani, aliposimama mbele ya mkutano wa kijiji na kutangaza kwamba kata ya Kasoli ina bahati kwa sababu sasa imepata mkulima, Mboje alikuwa amekaa safu ya pili, amekunja nne. Aliikunjua. Akatazama kushoto, akatazama kulia, aone kama kuna mwingine aliyesikia alichosikia yeye. Chumba kilijaa watu ambao tangu wapate akili hawajawahi kununua mahindi dukani, na wote walikuwa wanapiga makofi. Walimpigia Constantine, mdogo wake Mboje wa tumbo moja, aliyeacha kazi ya bima Mwanza kwa hiari yake mwenyewe ili aje kulima, na ambaye jembe lake la kwanza lilikuwa bado lina karatasi ya dukani.

Imepata mkulima! Na sisi tulikuwa nini, madamu, wapita njia?

Hakulisema. Alipiga makofi kama wengine, maana asiyepiga makofi huonekana haraka kuliko anayepiga. Lakini tangu siku ile kitu kiliingia kifuani mwa Mboje kikakaa, wala hakikuomba ruhusa. Wanawake huvaa khanga zilizoandikwa kwamba wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda. Mboje hakukonda. Alikula vizuri, akalala vizuri, na kila asubuhi aliamka nao.

Tumtendee haki kidogo. Mboje alipofeli darasa la saba, baba yao, Mzee Maige, hakumchapa. Alimwonyesha jembe lililoegemea mlango wa ghala, akasema, "Haya, rafiki yako yule pale." Basi. Hakuna aliyempongeza, hakuna aliyempiga picha. Pale kijijini kulima ndicho kilichobaki baada ya mengine yote kukukataa. Hata shuleni mchelewaji aliadhibiwa kwa kupelekwa kulima shamba la mwalimu. Mboje alilima akaoa, akalima akazaa, akalima pamba ambayo, pamoja na ng'ombe wa baba, ilimsomesha Constantine mpaka akavaa joho. Leo mwenye joho amerudi anasema amechagua kilimo. Amechagua! Mboje hakuwahi kujua kwamba jembe huchaguliwa, kama mtu anavyochagua shati mnadani.

Na kila kitu kilimfuata Constantine. Wageni walitoka Bariadi na gari kuja kuangalia bustani yake ya vitunguu, bustani ambayo Mboje angeivuka kwa kuruka. Alikuwa na ukurasa mtandaoni, anajirekodi amevaa kofia pana, anasalimu kwa Kisukuma, "Wakulima wenzangu, mwangaluka!" na watu wa mikoa ambayo Mboje hajui hata njia yake wanamjibu kwa mioyo myekundu. Mzee Maige, ambaye miguu ilimvimba na kicheko kikampotea, alianza kucheka tena kila aliposikia pikipiki ya Costa, kama alivyomwita Constantine, inaingia. Mbwa wa Mboje, mbwa anayekula ugali wa Mboje, alikwenda kumpokea barabarani. Hata kuku mmoja wa Nyanjige, mke wa Mboje, alihamia kutagia kwenye magunia ya Constantine. Mboje alimchinja kuku yule Jumapili, akasema alikuwa mgonjwa.

Hayo yote angeyameza. Kilichomkaba ni mbuga.

Ukoo wao ulikuwa na ardhi ya namna mbili. Juu, karibu na nyumba, kulikuwa na udongo mwepesi wa kichanga, wa pamba na mtama. Chini, kuelekea mtoni, kulikuwa na mbuga, udongo mweusi mzito unaoshika maji, na humo ndimo mpunga wa familia ulimotoka. Tangu miguu ya baba ilipokataa, Mboje ndiye aliyeilima mbuga. Kingo za majaruba yote ya mpunga alizipandisha yeye. Hakuwahi kuambiwa kwamba ni yake, lakini mtu haambiwi kwamba pua yake ni yake.

Pamba ilipokwisha kuuzwa na masalia yake kuchomwa moto, Mzee Maige aliwaita wanawe wote wawili.

"Mwaka huu mbuga atalima Costa," alisema.

Mboje alidhani hakusikia vizuri. "Na mimi, baba?"

"Wewe una kule juu. Mwenzio hana kitu. Anaanza."

"Anaanza kwa kupewa nilichokwisha kutengeneza?"

"Mboje. Ng'ombe haelemewi na nundu yake. Huyu ni mdogo wako."

Constantine alikuwa amekaa chini, kwenye gunia, kwa heshima ya kaka yake aliyekuwa kwenye kigoda. "Kaka, kama hupendi, mimi nitakodi kwingine. Sitaki tugombane kwa sababu ya udongo."

Hilo ndilo lililomchoma zaidi. Mtu akikunyang'anya kwa ubavu unajua la kufanya. Anayekunyang'anya kwa adabu anakuacha huna pa kushika.

"Nani kasema sipendi?" Mboje alijibu. "Lima."

Mvua za kwanza zilishuka Novemba, zikashuka vizuri. Constantine alikuwa bado anaishi mjini Bariadi na mkewe, kwa kuwa nyumba yake ya Kasoli haijaezekwa, na alikuwa amepanga kulima mbuga kwa trekta. Trekta za kukodi msimu huo zinagombewa kama maji ya bomba; siku yako ikikupita, unarudi mwisho wa foleni. Kwa hiyo alimwomba kaka yake jambo moja tu. "Mbuga unaijua wewe. Mimi nilikwenda shule ya bweni mapema, haya mambo yalinipita. Nitakupigia simu. Ukiniambia imeiva, naleta trekta. Usiposema, sileti."

Mbuga ina tabia zake. Ikiwa kavu ni jiwe, ikilowa ni uji, na katikati kuna siku chache tu ambapo inakubali kuguswa, ndiyo kuiva kwake. Tena ina hila. Baada ya mvua kubwa, jua na upepo vikipiga, ngozi ya juu hukauka ikapasuka nyufa, na mpita njia akaapa kwamba pameiva, kumbe chini ya ngozi ile uji bado unasubiri. Maksai wanaweza kupita kwa taabu. Trekta haipiti. Kila aliyechunga ng'ombe Kasoli analijua hili kabla hajajua kusoma.

Simu ililia saa za jioni. Mboje alikuwa uani, anakaza kamba za nira. Nyanjige alikuwa ndiyo kwanza anatua ndoo. Ametoka mtoni, amekatisha mbugani, na miguu yake ilikuwa myeusi kwa tope hadi juu ya vifundo.

"Mwadila, kaka. Hemed wa trekta anasema kesho ana nafasi. Ikipita kesho, mpaka amalize kazi za watu wa Dutwa huko. Vipi mbuga, imeiva?"

Mboje aliitazama miguu ya mkewe. Aliitazama vizuri, bila haraka.

"Imeiva," alisema. "Leta."

"Wabeja sana, kaka, asante. Bila wewe ningekuwa napapasa tu."

Nisiwafiche: alisikia raha. Raha iliyomwingia Mboje pale alipokata simu ilikuwa tamu, tamu kuliko uji wa maziwa. Wala hakuwa anataka makubwa. Alitaka trekta izame kidogo tu mbele za watu, mkulima wa kata asimame na kofia yake pana akiwa hajui pa kuanzia, na baba akiwa kwenye kigoda aone. Wenye wivu ndivyo walivyo, kila siku wanataka kidogo tu.

Nyanjige alikuwa amesimama na kata ya kuchotea maji mkononi.

"Umemwambia alete trekta?"

"Mbuga upande wa juu imekauka."

"Juu wapi? Mimi natoka huko sasa hivi."

"Wewe mwanamke, nani analima mbuga hii, mimi au wewe?"

Nyanjige alimwangalia kidogo. "Mwaka huu, si wewe wala mimi," alisema, akachota maji akaanza kunawa miguu.

Kesho yake trekta ilifika mapema, nyekundu, inanguruma, na nusu ya kijiji nyuma yake. Hemed, dereva wake, alikuwa mtu wa Tanga aliyezoea ardhi za watu wengine. Alisimama ukingoni akapiga ardhi kwa kisigino.

"Wenyeji mnasemaje?"

"Kaka yangu amesema imeiva," Constantine akajibu. Alivyolisema, ungedhani ameonyesha hati yenye muhuri.

Hemed akamtazama Mboje. Mboje akatikisa kichwa, ndiyo. Kichwa kile ndicho nitakachomlaumia mpaka mwisho, maana simu mtu anaweza kusema haikusikika vizuri.

Trekta iliingia. Mstari wa kwanza, kando ya ukingo, ulikwenda vizuri, na Constantine akashangilia, akatoa simu akaanza kurekodi. Mzee Maige, waliyembeba na kigoda chake mpaka pale, alipiga makofi. Hemed alipokata kona kuelekea katikati, ngozi ya mbuga ilipasuka. Gurudumu la nyuma lilizama, akakanyaga mafuta, likazama zaidi. Akarudisha nyuma, la pili nalo likafuata. Moshi ukatoka, tope likarukia watu, na trekta ikakaa kitako mpaka ekseli ikalala juu ya udongo.

Watu walicheka, kama Mboje alivyopanga. Mzee mmoja alisema kwa sauti kwamba huyu sasa ndiye mkulima tuliyepewa. Mboje aliinamisha uso kuficha meno. Alikuwa amepata haki yake yote, imefika na chenji.

Lakini kicheko hakikudumu. Upande wa kaskazini mawingu yalikuwa yamejikusanya meusi, na Hemed aliyatazama mara moja tu akabadilika sura. "Mvua ikinyesha ikiwa bado humu," alisema, "hii trekta mtaifukua kiangazi. Na mimi mwenye mali atanifukia leo." Alikaa kwenye ngazi ya trekta, akashika kichwa.

Constantine aliingiza simu mfukoni. Hakumtafuta wa kumlaumu. Alitoka topeni, kiatu kimoja kimebaki huko, akaja moja kwa moja kwa kaka yake.

"Kaka, nisaidie. Maksai wako wataitoa?"

Mboje alijua jibu la kweli. Maksai wale ndio waliotegemewa kulima shamba lake la pamba, na kuwaingiza katika tope lile kuvuta chuma ni kuwatafutia kifo. Angeweza kukataa. Lakini akikataa ataulizwa sababu, na sababu akiisema, kwamba chini pamelowa, pamelowa mno, kila mtu atauliza swali linalofuata. Baba yake alikuwa anamtazama. Nyanjige alikuwa anamtazama.

"Wataitoa," alisema.

Walikuwa maksai wanne, na kiongozi wao aliitwa Meneja, kwa sababu alitembea polepole kifua mbele, kama mtu anayekagua wafanyakazi. Mboje alimlea tangu ndama, mama yake alipokufa na ukame. Alimnywesha maziwa kwa kidole. Kama kuna kitu ambacho Constantine hakuwahi kumpokonya, ni Meneja. Ng'ombe yule alikuwa hamfuati mtu mwingine hata umpe chumvi.

Walifunga mnyororo. Wanaume walichimba mbele ya magurudumu, wakatandika miti ya miiba na mabua. Mboje akashika kamba mbele, akaita, "Meneja! Haya, baba, haya!" Maksai wakajikaza. Hakuna kilichosogea. Aliita tena, safari hii akainua fimbo, akampiga Meneja mgongoni, Mboje yuleyule aliyekuwa akiwafukuza vijana waliomgusa kwa ufito. Meneja aligeuza jicho kumtazama, akashusha kichwa, akavuta. Trekta ikatoa sauti ya kunyonya, ikainuka. Watu wakapiga kelele, Hemed akakanyaga mafuta, na katika mvuto uleule Meneja alitumbukiza mguu wa mbele kwenye shimo walilochimba wenyewe. Wenzake walikuwa bado wanavuta. Mfupa ulilia, na watu wote waliusikia.

Trekta ilitoka. Ilisimama ukingoni inatetemeka, imepakwa tope kama ukuta mpya. Hakuna aliyeitazama.

Mguu wa ng'ombe ukivunjika juu ya goti hauna dawa. Mboje aliomba kisu yeye mwenyewe, kisha akamwachia kijana wa jirani akaimaliza kazi ile huku Mboje amegeukia mtoni. Alilia bila kujificha. Watu walimwacha alie, kwa kuwa Msukuma akimlilia ng'ombe haulizwi.

Mvua ilikwenda kunyeshea kwingine.

Alasiri walikuwa nyumbani kwa Mzee Maige. Nyama ilikuwa imegawanywa kwa majirani waliovuta na waliochimba, na ini lilikuwa juu ya makaa, wanaume wamelizunguka. Hemed alikuwepo, amenawa. Ndipo Constantine aliposimama. Mboje alidhani sasa ndiyo hiyo. Amefikiri njiani, ameunganisha, atauliza. Alijikuta karibu anafurahi. Alitaka aulizwe, mbele ya watu, aweze kukasirika.

"Mimi si mtu wa maneno bila simu mkononi, mnajua," Constantine alianza, na watu wakatabasamu. "Leo sijarekodi, sikuweza. Nataka niseme hivi. Mmekuwa mnaniita mkulima, na mimi nilikuwa nakubali. Naona aibu. Mkulima ni huyu hapa. Mtu amemtoa maksai wake, msimu wake mwenyewe haujaanza, ili kunitoa mimi kwenye tope, na hata neno baya hajanitamkia. Hiki alichofanya kaka sijui nimlipe nini."

Wanaume waliitikia. Yule mzee aliyekuwa amecheka alisema ni kweli tupu. Neno ambalo Mboje alilililia tangu mkutano wa kijiji, neno ambalo angetoa shamba zima la pamba alisikie mbele ya baba yake, lilikuwa limesemwa, kwa sauti, na mtu aliyekuwa nalo. Lilimwingia kama mwiba wa samaki.

Constantine akamgeukia baba yao. "Baba, naomba mbuga umrudishie kaka. Trekta nikiipata tena, italima kwanza pamba yake. Mimi nitafanya kazi chini yake mwaka huu, nijifunze."

Mzee Maige alifuta macho kwa kiganja. "Ng'wanone," alimwambia Mboje, mwanangu, na hakuwa amemwita hivyo tangu yule mtu mzima alipokuwa na meno ya utoto. "Nilikukosea. Mbuga ni yako. Si ya mwaka huu tu. Hawa wote ni mashahidi."

Ilikuwa zamu ya Mboje kusema. Ulimi wake ulikuwa na maneno. Aliyahisi yamepanga mstari: mimi ndiye niliyekudanganya, nilijua, niliona tope kwenye miguu ya mke wangu. Aliinua uso. Nyanjige alikuwa mlangoni pa jiko na sahani ya ugali, amesimama, anasubiri kwa namna ambayo mumewe aliielewa peke yake. Angemwaga moyo pale, labda. Lakini mbuga ilikuwa imekwisha kuwa yake, baba ameshatamka, na majirani walikuwa wanampigia makofi yeye.

"Wabeja, baba," alisema.

Nyanjige aliweka sahani chini mbele ya wageni, akarudi jikoni. Hakula nyama ile, siku hiyo wala kesho yake, na majirani walisifu jinsi alivyompenda ng'ombe wa mumewe.

Constantine alikuja kukaa karibu na kaka yake, mguu mmoja bado hauna kiatu. Alikata ini, akampa Mboje kipande cha kwanza kwa mikono miwili, kama anavyopewa mkubwa.

"Tena kosa lilikuwa langu," alisema polepole, ili wengine wasisikie. "Nimekuwa nawaza njia nzima. Wewe uliniambia imeiva ukijua mtu mzima ataangalia mwenyewe kabla ya kuingiza chuma. Mkulima gani analima kwa simu? Kuanzia sasa, kaka, sitaingiza jembe popote mpaka wewe uniambie. Ukisema leo, ni leo. Sitauliza mtu mwingine."

Mboje alimchungulia usoni. Alitafuta kejeli, hata kidogo. Alitafuta shaka, kinyongo, kona yoyote ya jicho inayojua. Angeipata angeshukuru, maana wangekuwa sawa. Hakuna kilichokuwemo isipokuwa uchovu na tope lililokaukia kwenye nyusi. Alichokuwa anakitaka chote sasa alikuwa nacho, mbuga, baba na jina, na kitu kile kifuani kilikuwa palepale hakijasogea. Alimwonea wivu mdogo wake kwa sababu alikuwa na kaka wa kumwamini.

"Kula, kaka," Constantine alisema. "Ini linapoa."

Mboje akala.